Glasi ya Rangi ya Asali

Anayedhani mapenzi lazima yaanze kwa maneno matamu hakuwepo ghalani Jumamosi ile. Lilikuwa ghala kuukuu karibu na reli, limekodiwa na wapikaji wa bia ndogo ndogo, wale wanaopika pipa mojamoja kwa mikono yao, kila mmoja na meza yake na maringo yake. Watu walibanana, glasi ziligongana, harufu ya kimea ilijaa mpaka darini. Katikati ya kelele hizo, mwanamume mwenye shati la kitani la bluu akavuta bia mdomoni kwa sauti iliyowageuza watu shingo.

"Ala! Unakunywa au unazibua bomba?" mwenye meza akamuuliza.

Mwenye meza alikuwa dada wa kilemba cha njano, ovaroli ya kijani iliyokunjwa mikono, mabuti ya mpira, na hereni ndefu zilizocheza kila alipocheka. Kaka yake alimwita Kichungu tangu utotoni kwa sababu ya ulimi wake, naye akalichukua jina hilo akalibandika kwenye chupa zake. Ndivyo alivyo. Ukimtupia jiwe, analijengea.

"Samahani, dada. Kazi yangu ni kuonja chai," mwanamume akasema. "Ukivuta pamoja na hewa, harufu inapanda puani."

"Na imepanda?"

"Imepanda. Inanukia mapera yaliyoiva, lakini hukutia pera humu. Hiyo ni chachu yako."

Kichungu aliacha kumimina. Tangu asubuhi watu walikuwa wakimuuliza ametia juisi gani, na yeye amechoka kuapa.

"Wanakuitaje?"

"Kazini wananiita Pua."

Akaitazama pua yenyewe, akaangua kicheko. "Wala hawakukuonea."

Basi ikawa hivyo. Pua akitoka kazini anapitia gereji ya Kichungu, ambayo haikuwa na gari hata moja. Ndani mlikuwa na mitungi mikubwa ya chuma, magunia ya kimea, mipira ya maji, na ukuta mmoja ambapo marehemu mama yake Kichungu alimpima urefu yeye na kaka yake kwa mkaa. Mama aliwaachia gereji wote wawili, lakini kaka mtu alishika funguo za ziada na kuongea kama vile gereji ilizaliwa naye.

Wapenzi hawa walisafisha mitungi pamoja, wakaloa pamoja. Wasipoonana, simu ziliungua.

"Povu langu, umekula?"

"Povu gani? Mimi bia kamili."

"Basi bia yangu kamili, umekula?"

"Njoo na chakula ndiyo nitakula. Maneno hayashibishi."

Pua alijifunza pia mila ya wapikaji hao: mtu hanyimwi chachu. Chachu ya Mama Mapacha, mpikaji mwenzake wa mtaa wa pili, ilipokufa, Kichungu alimpelekea mtungi wa yake mwenyewe, ile ile yenye harufu ya mapera. Wakati huo Pua alikuwa safarini mashambani kwa wakulima wa chai, na hakuna aliyefikiria kumwambia. Ilikuwa sawa na kumgawia jirani chumvi.

Kisha likatangazwa shindano la wapikaji wadogo. Atakayeshinda, bia yake itauzwa katika hoteli zote kubwa za mji. Kaka akaja gerejini na suti yake ya kijivu, akisimama mbali na maji.

"Ukishinda, endelea. Ukishindwa, nipe funguo. Kuna mtu wa kuosha magari anaitaka hii sehemu."

"Mtu hata hujawahi kuionja bia yangu, kaka."

"Sina haja. Umenielewa?"

Alielewa. Moyo ulimuuma, lakini akakubali, maana alikuwa na hakika ya mkono wake.

Na nani akachaguliwa kuwa mmoja wa majaji? Pua! Kichungu akamwambia waziwazi, "Jitoe, mpenzi. Watu watasema."

Mwanamume na kiburi chake akajibu, "Pua yangu haina mpenzi."

"Haya. Basi sikuambii nimepika nini, na gerejini usikanyage mpaka siku hiyo."

Kwa miaka yote bia ya Kichungu ilikuwa ya rangi ya asali. Safari hii alikaanga kimea mpaka kikaiva sana, akapika bia nyeusi kama kahawa, harufu ya kukaangwa ikafunika ile ya mapera.

Siku ya shindano glasi zilipangwa bila majina. Majaji walionja, wakanong'ona, wakaandika alama. Na mshindi akawa Kichungu! Alirukaruka na mabuti yake, akalia, akambusu Mama Mapacha pande zote mbili. Pua alipiga makofi lakini uso umemparara. Mama Mapacha alishika nafasi ya nne, akasema si neno, mwakani yupo.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Povu langu, nina jambo."

"Sema, jaji wangu."

"Ile glasi ya rangi ya asali. Niliponusa mapera nikajua ni yako. Nikaogopa watu watasema nimekupendelea. Nikaipunguzia alama."

Kichungu alikaa juu ya gunia.

"Ulikata alama za bia uliyodhani ni yangu?"

"Ndiyo. Ilikuwa nzuri sana, ndiyo maana nikaogopa zaidi."

"Unajua ile ilikuwa ya nani? Ya Mama Mapacha! Chachu nilimpa mimi!"

"Mungu wangu."

"Na mimi ningepoteza gereji ya mama yangu kwa mkono wako, na kesho yake ungekuja kunifuta machozi!"

"Nilikuwa nakupenda, ndiyo..."

"Uliwaogopa watu kuliko ulivyonipenda! Usinipigie tena."

Alikata simu, akalia kwa hasira mpaka kilemba kikamtoka. Mtu mwingine angenyamaza, maana kikombe cha ushindi anacho, hoteli zinamsubiri, na aliyedhulumiwa hajui lolote. Mimi nawajua wengi ambao wangenyamaza, na wangelala usingizi mzito. Kichungu alivaa mabuti yake, akabeba kikombe, akaenda kwenye mkutano wa wapikaji na kukibwaga mezani.

"Hiki kimepatikana isivyo haki. Mwenzangu alipunjwa alama kwa sababu jaji alidhani ni mimi. Ionjwe upya, kwa majaji wengine."

"Jaji gani huyo?" wakapayuka.

Hakumtaja. Pua mwenyewe akasimama nyuma ya ukumbi, shati limekunjamana kama amelilalia. "Ni mimi," akasema. Watu walimzomea mpaka mlangoni.

Bia zikaonjwa upya. Mama Mapacha akashinda, Kichungu akawa wa pili. Mama wa watu alimkumbatia akilia, "Mwanangu, ulikuwa na haja gani ya kujichomea nyumba?" Kichungu akamwambia heri kuchoma nyumba kuliko kulala ndani yake na wizi.

Jioni ile Pua alikuja gerejini, akasimama kizingitini. Kichungu hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alipanga glasi tatu juu ya pipa, zote za rangi ya asali.

"Mwenye pua, onja. Ipi ni yangu?"

Pua alionja ya kwanza, akarudia ya pili, akafumba macho kwenye ya tatu. Zote zilinukia mapera. Akatua glasi polepole.

"Hakuna yako hapa."

"Una hakika?"

"Chachu ni yako. Mkono siyo. Wewe hupiki bia inayomalizia kwa utamu kama inaomba radhi."

Zote zilikuwa za Mama Mapacha. Kichungu aling'ata mdomo ili asitabasamu, na kabla hajashindwa, honi ikapigwa nje.

Alikuwa kaka, na pembeni yake yule mtu wa kuosha magari akipima mlango kwa macho. Majirani wakachungulia, honi ya kaka haijawahi kuleta heri.

"Umerudisha kikombe? Una wazimu? Lete funguo."

"Sitoi," Kichungu akasema.

"Tulikubaliana!"

"Nilikosea kukubali. Mama hakuniachia gereji kwa sharti la kikombe. Ukuta ule una alama zangu na zako. Ukitaka nitoke, njoo na winchi, unibebe na mitungi yangu."

Yule mtu wa kuosha magari akaanza kurudi nyuma taratibu.

"Na huyu ni nani?" kaka akauliza, akimwonyesha Pua kidole.

Pua akatoka mpaka barabarani, majirani wote wamsikie.

"Mimi ndiye yule jaji aliyeharibu, shemeji. Nimezomewa tayari, hata ninyi mkitaka nizomeeni. Ila nampenda huyu dada, na nimekuja kumposa."

"Nani kakwambia nakubali?" Kichungu akadakia.

"Hujakubali. Nasema tu wasikie."

Kichungu akaingia ndani, akarudi na glasi ya bia nyeusi, akampa. Pua akavuta kwa ile sauti yake ya kuzibua bomba, mtaa mzima ukacheka. Hereni zikacheza.

"Nakubali," akasema. "Na funguo hazitoki."

Kaka akasogea, suti yake katikati ya kicheko cha watu. Akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi hiyo."

Alikunywa, uso ukamkunjamana. "Chungu!"

"Ndiyo," Kichungu akasema. "Na itabaki hivyo hivyo."

Kaka akanywa tena.