Kemia Utaifanyia Nini?

Pale nyumbani hakuna aliyemwita msichana yule kwa jina lake. Walimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia, hajui kukaa. Akila, anakula amesimama. Akisoma, anazunguka meza na kitabu mkononi. Wiki hiyo ndipo alipozidi kabisa. Alitoka jikoni akafika mlangoni, akasahau alichofuata, akarudi jikoni.

"Wewe mtoto, utanitobolea sakafu," mama yake alimwambia.

Kilichomkosesha raha kilikuwa barua ya chuo. Kiguu alikuwa amechaguliwa kusoma shahada ya kemia. Alitakiwa kuthibitisha nafasi yake kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na baba yake bado hajakubali.

Baba alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka. Palikuwa na mabeseni ya kulowekea nguo, meza ya pasi, na rafu iliyojaa chupa. Mama alipiga pasi, baba akashughulikia madoa. Kwa madoa hakuwa na mpinzani mtaani, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Tena alijisifu kwamba anamjua mtu kwa nguo zake.

"Nionyeshe kola tu," alizoea kusema. "Nitakwambia mwenyewe anafanya kazi gani."

Asubuhi hiyo alianza tena, huku akikamua shuka.

"Kemia, kemia! Ukimaliza utaifanyia nini hiyo kemia?"

"Kazi ziko nyingi, Baba."

"Nitajie tatu."

"Ualimu," alisema Kiguu. Akafikiri. "Na kufanya kazi maabara."

"Maabara ya nani? Kufanya nini?"

Kiguu alikwama. Kemia aliipenda, hilo alilijua. Shuleni aliwahi kuchanganya maji mawili meupe yakageuka ya waridi mbele ya macho yake, akakosa usingizi kwa furaha. Lakini akiulizwa habari za kazi, mdomo unakauka. Alijiona mjinga, na akakasirika kwa sababu baba yake hakuwa amekosea kuuliza.

"Umeona?" baba alisema. "Hata mwenyewe hujui. Badilisha, uchukue uuguzi. Kazi inayoeleweka. Mtazame Daktari wetu."

Daktari alikuwa mteja wao wa miaka minne. Kila Jumatatu alileta makoti meupe matatu. Baba alipoyaona mara ya kwanza, akampa udaktari palepale. Mwanamke huyo aliwahi kusema, "Mimi si daktari, fundi," lakini baba alicheka tu. Alimweleza habari za goti lake linalouma. Mwanamke huyo akamwambia, "Pole, nenda hospitali wakalipime."

"Hana makuu," baba alisema alipoondoka. "Madaktari wengine wangejidai."

Sasa koti moja la Daktari lilikuwa na doa la kutu mfukoni, na yeye angelifuata saa tisa. Baba alikuwa amelilaza kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Doa halikutoka. Lilizidi kuiva.

Saa nane na nusu Kiguu aliingia dukani kujaribu bahati yake tena. Alimkuta baba ameinamia beseni, uso umekunjamana. Mama alikuwa mezani na pasi.

"Baba, kuhusu ile barua..."

"Ngoja nimalizane na huyu kwanza. Haiwezekani doa linishinde mimi!"

Akachukua chupa ya dawa ya kutu kwenye rafu. Ilikuwa asidi. Akaimimina ndani ya beseni lilelile, juu ya ile dawa ya kwanza.

Beseni likatoa povu, na harufu kali ikapanda. Macho ya Kiguu yakawasha. Koo likambana kana kwamba limefungwa kamba. Mama aliangusha kitambaa akaanza kukohoa. Baba aliinama zaidi aone kilichotokea, naye akakohoa mpaka akapiga magoti.

"Tokeni nje! Wote! Sasa hivi!"

Alikuwa Daktari, amewahi kulifuata koti lake, amesimama mlangoni. Alizuia pumzi, akaingia, akamshika baba mkono akamvuta. Kiguu alimshika mama. Daktari akaisukuma milango yote miwili ikabaki wazi.

"Koti lako!" baba alisema, akitaka kurudi.

"Achana na koti! Koti ni nguo tu. Kaa hapo penye upepo, vuta hewa taratibu."

Walikaa barazani kwa muda mrefu, macho yanachuruzika. Daktari aliwatazama mmoja mmoja.

"Kifua kinabana bado? Kikiendelea kubana, twende hospitali, tusibahatishe."

"Kinaachia," alisema mama.

"Sikiliza, fundi. Ile dawa ya kung'arisha ina klorini ndani yake. Ukiichanganya na asidi, klorini inatoka kama gesi. Gesi hiyo inaunguza macho na mapafu. Chumbani kwenu mngekaa dakika chache zaidi, tungekuwa tunasema mengine sasa."

Kiguu aliinua kichwa. Klorini! Aliijua. Alijibu swali lake kwenye mtihani, akapata alama zote. Na bado alisimama anamtazama baba yake akimimina asidi. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Nilisoma hilo," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua kwamba ndilo hili."

"Wengi wetu tulianza hivyohivyo," alisema Daktari. "Darasani huwa ni maandishi ubaoni. Ukiyashika kwa mikono ndipo unayaelewa."

Baba alimgeukia. "Lakini Daktari, hospitali mnafundishwa mpaka mambo ya madoa?"

Daktari akapumua kwa nguvu.

"Fundi, nimekwambia tangu mwanzo. Mimi si daktari. Mimi ni mkemia. Nafanya kazi kwenye maabara ya idara ya maji."

Mama yake Kiguu alianza kucheka huku anakohoa, akashindwa kujizuia.

"Na goti langu je?" baba aliuliza.

"Goti lako nilikwambia ulipeleke hospitali!"

Kiguu hakucheka. Alikuwa amesimama tayari, anatembea kutoka nguzo hii hadi ile, kisha akamgeukia mkemia.

"Mama, samahani. Nimechaguliwa kusoma kemia. Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Mtu akisoma kemia anafanya kazi gani?"

"Njoo kesho asubuhi uone," alisema mkemia. "Na wewe fundi uje. Usije ukanipa kazi nyingine tena."

Alhamisi walikwenda wote wawili. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyeupe na chupa nyingi za maji. Kila chupa ilikuwa na karatasi ya jina la mtaa. Mkemia alichukua maji kidogo kutoka chupa moja, akadondoshea dawa. Maji yakawa ya waridi hafifu.

"Hii inaonyesha kiasi cha klorini kilichomo. Tunaiweka ili iue vijidudu. Ikipungua, watu wanaharisha. Ikizidi, inadhuru. Mimi napima kila siku."

"Klorini ileile ya jana?" baba alishtuka. "Tunainywa?"

"Ni jamii ileile, fundi, lakini hapa ni kidogo sana, na imepimwa. Wewe jana ulipima?"

Baba akaisogelea chupa.

Kiguu alikuwa akizunguka meza, anasoma karatasi za chupa. "Na wenzako uliosoma nao? Wote wako kwenye maji?"

"Hapana. Mmoja yuko kiwanda cha rangi za nyumba. Mwingine anapima dawa za hospitali kabla hazijauzwa, ahakikishe si feki. Yupo anayepima udongo na kuwaambia wakulima mbolea ipi inafaa. Mmoja yuko maabara ya serikali. Polisi wakishuku mtu kapewa sumu, wanampelekea vielelezo. Rafiki yangu mkubwa anafundisha sekondari, na nadhani ndiye mwenye furaha kutushinda sote. Na fundi, yupo pia anayetengeneza sabuni kiwandani. Hiyo unayofulia wewe, kuna mkemia aliyekaa akaifikiria."

"Kumbe!" baba alisema.

"Lakini nisikudanganye, binti yangu. Kuna hesabu nyingi. Utasimama maabara mpaka miguu iume, halafu jaribio linaharibika, unaanza upya. Lazima uandike kila ulichofanya. Na kazi haiji yenyewe. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kazi. Kilichoniokoa ni mafunzo ya vitendo. Kila likizo niliomba nafasi viwandani, nikafahamika. Fanya hivyo tangu mwaka wa kwanza, usingoje wa mwisho."

Kiguu aligundua kwamba moyo unampiga kwa nguvu. Haikuwa hofu tena, au haikuwa hofu peke yake. Alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameinama kwenye chupa ile ya waridi, uso umekunjamana vilevile kama anavyotazama doa.

Walirudi nyumbani. Kiguu alifungua simu, akafika penye neno Thibitisha, akalisoma mara mbili. Baba alikuwa nyuma yake.

"Bonyeza basi, unangoja nini? Wanafunga kesho."

Akabonyeza.

Duka nalo lilibadilika. Mkemia alikuja Jumamosi akawaelekeza. Dawa ya kung'arisha ikahamia rafu yake, asidi ikawekwa upande wa pili wa chumba. Kila chupa ikaandikwa jina kwa wino mzito. Doa la kutu sasa linatolewa kwa dawa yake peke yake, kwenye beseni lake, kwa glavu, na madirisha wazi. Nguo iliyoguswa na dawa moja inasuuzwa kwa maji mengi kabla haijaguswa na nyingine. Kikohozi kilichokuwa kikimsumbua mama kila jioni kikakoma. Alikuwa amedhani ni mvuke wa pasi.

Miezi miwili baadaye, Kiguu alikuwa kwenye korido ya chuo, amevaa koti lake jeupe, simu ilipolia.

"Mwanangu, upo darasani?"

"Nimetoka sasa hivi. Kuna nini, Baba?"

"Nimeletewa dawa mpya ya kutoa wino. Je, inapatana na dawa ya kung'arisha?"

"Nyuma ya chupa wameandika nini?"

Baba alisoma polepole, akikwama kwenye kila neno. Kiguu alisikiliza. Maneno mawili aliyajua. La tatu hakulijua.

"Sijui, Baba," alisema, na ilimuuma kusema hivyo. "Usichanganye. Ngoja nimuulize mwalimu."

"Sawa. Nimeziweka mbalimbali."

Sauti ya mteja ilisikika huko dukani, inalalamika kwamba ana haraka, kwamba shati linahitajika leo. Kisha ikaja sauti ya baba, si ya kuongea na simu.

"Utasubiri, ndugu yangu. Mkemia wangu anaulizia kwanza."

Machozi yalimlenga Kiguu. Aliyafuta kwa mkono wa koti, akaenda kugonga mlango wa mwalimu.