Injinia Aipandisha Kasi Kompyuta

Fundi cherehani alipenda vifuniko kupita kiasi. Redio ilikuwa na kifuniko. Birika lilikuwa na kifuniko. Hata kompyuta aliyochorea maua ya kutarizi aliishonea kifuniko kinene chenye waridi jekundu, vumbi la nyuzi lisiingie.

Mumewe alikuwa kinyozi. Majirani walimwita Injinia, kwa utani tu. Kila akifungua kitu na kukifunga tena, skrubu mbili zilibaki mkononi.

Wiki hiyo mke alikuwa na kazi kubwa, kutarizi nembo kwenye sare arobaini za wauguzi. Lakini kompyuta ilijikokota.

"Imechoka hii," alisema.

"Haijachoka, inadeka," Injinia akajibu. "Niachie mimi. Nimeona kwenye simu jinsi ya kuipa kasi zaidi ya ile ya kiwandani."

"Wewe na simu yako!"

Lakini alimwachia. Injinia akaingia kwenye mipangilio, akapandisha kasi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kwa saa moja kompyuta ilikimbia, na Injinia akavimba kichwa. Kisha ikazima yenyewe. Wakaiwasha. Ikazima tena.

Mke alishika tama. Bila kompyuta ile hakuwa na kazi, na nyingine hakuweza kununua.

"Tulia," Injinia alisema. "Ina waranti ya miaka miwili. Ikiharibika, wanatupatia nyingine. Tutasema imekufa yenyewe."

"Atakayesema ni nani? Mimi simo."

Waliipeleka kwa jirani yao, fundi kompyuta. Ndiye aliyepokea vifaa vya waranti kwenye duka walikoinunua.

"Imekuwaje, dada?" fundi akauliza.

Mke akamtazama mumewe. Injinia akakohoa.

"Niliipandisha kasi," alisema kwa sauti ndogo.

"Afadhali umesema, shemeji. Sasa najua pa kuanzia. Karatasi ya waranti iko wapi?"

Karatasi ilikuwa imekunjwa chini ya mguu wa meza ya cherehani, meza isitikisike. Hakuna aliyewahi kuisoma. Mke alikimbia nyumbani kuichomoa. Fundi akaikunjua, akasoma.

"'Waranti haigharimii uharibifu uliotokana na kupandisha kasi.' Kampuni nyingi huandika hivi. Chache huruhusu, kwa masharti yao. Lazima usome ya kwako."

"Lakini prosesa yangu imetengenezwa iweze kupandishwa!" Injinia alisema.

"Kuweza kupandishwa ni jambo moja, shemeji. Kubadilishiwa ikiungua ni jingine. Kasi ikizidi, joto huzidi. Kiwanda kinaahidi kwa matumizi kiliyoyapanga chenyewe."

"Kwa hiyo imeungua?" mke aliuliza.

Fundi alirudisha kasi ya kiwandani, akaiwasha kompyuta. Walingoja. Nusu saa ikapita, kompyuta ikiendelea kufanya kazi.

"Mna bahati. Ilijizima ili isiungue. Lakini kwa nini ilikuwa nzito tangu mwanzo? Mnaiweka wapi?"

"Imevaa koti la waridi," Injinia alisema.

Fundi alicheka hadi akavua miwani. "Dada, matundu haya ndiyo pua zake. Ukiyaziba ikiwa kazini, inapata joto na kupunguza mwendo. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa."

Mke aliona haya. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa lake. Injinia alifungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Siku hiyo alikuwa na akili.

Sare arobaini zilikamilika siku moja kabla ya kutakiwa. Waranti ilibaki salama. Lile koti la waridi mke alilikata, akashona mfuko, akautundika ukutani. Ndani yake alitia karatasi ya waranti, ambayo sasa wote wawili walikuwa wameisoma.

Tatizo lilibaki meza ya cherehani, iliyoanza kutikisika. Injinia akachukua bisibisi, akapiga magoti, kisha akasita.

"Mke wangu," aliuliza, "hii meza nayo ina waranti?"