Siku Thea Alipoacha Kutundika Kofia

Kila Alhamisi akitoka shule, Thea Halvorsen alikuwa na utaratibu wake. Alivua mabuti yenye matope ya theluji mlangoni, akala kipande cha mkate wenye siagi ya karanga akiwa amesimama, kisha akavaa viatu vikavu na kuvuka ua kwenda karakana ya bibi yake. Sable Creek ni mji mdogo wa Montana ambako upepo haujui likizo, na watoto wengi wa huko wamezoea kuona bunduki kama walivyozoea kuona koleo la theluji. Hata hivyo, si wengi wanaoruhusiwa kuketi kwenye meza ya kujazia risasi. Thea, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa majira yale ya baridi, na tangu hapo alitembea kichwa juu.

Bibi yake, Norma, alikuwa dereva wa basi la shule kabla ya kustaafu, na sasa starehe yake kubwa ilikuwa kulenga shabaha kwa bastola. Kila majira ya machipuko klabu yake ya walenga shabaha hufanya mashindano, watu wazima na akili zao wakavaa kama wachunga ng'ombe wa zamani na kupiga vibao vya chuma kwa bastola za mtindo wa kale. Bibi Norma hakupenda risasi za dukani. Aliokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayatia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti tumboni na kichwa cha risasi mdomoni, yakawa risasi tena.

Mwanzoni Thea hakuruhusiwa hata kuisogelea baruti. Alikaa tu akitazama, miwani ya kazi usoni. Kisha akafundishwa kusafisha maganda na kutupa yaliyopasuka. Akafundishwa kwamba mezani hukaa chupa moja tu ya baruti, ili aina mbili zisije zikachanganyika. Kwamba kipimo kinatoka kwenye kitabu cha watengenezaji, si kichwani mwa mtu. Kwamba humo hapaliwi kitu, na ukitoka unanawa mikono kwa sabuni, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu. Alipoyashika hayo yote bila kukumbushwa, Bibi akamkabidhi tochi ndogo.

Tochi hiyo ilikuwa kazi kweli. Baruti inayotakiwa kwenye risasi za Bibi ni kidogo, haifiki hata nusu ya ganda, na hapo ndipo penye hatari. Ukijisahau ukaweka mara mbili kwenye ganda moja, haimwagiki. Inatulia humo ndani kama kawaida. Kwa hiyo Bibi alipomaliza kutia baruti kwenye maganda yote yaliyopangwa katika kibao chenye matundu, Thea alimulika ganda moja moja kuhakikisha baruti imelingana, ndipo vichwa vya risasi vikawekwa. Baada ya hapo hakuna jicho linaloweza kuona ndani.

Na kulikuwa na sheria ya kofia. Kabla ya chupa ya baruti kufunguliwa, kofia nyekundu ilitundikwa nje, kwenye kitasa cha mlango. Mji mzima uliijua. Kofia ikiwa pale hakuna kubisha, hakuna kuita, hata nyumba ikiwaka moto unaanza kwanza kuuzima mwenyewe, kama Bibi alivyopenda kusema.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya mashindano, Thea alikuwa na lake moyoni. Jioni hiyo mwalimu wa michezo angetangaza timu ya mbio za kupokezana vijiti, na rafiki yake Shelby alibaki shuleni kusubiri majina. Walikubaliana Shelby apite moja kwa moja kumpa habari. Thea alijua kwamba Shelby akiiona ile kofia atageuza baiskeli arudi kwao. Basi akaiacha kofia kwenye msumari wake, ndani, nyuma ya koti.

"Umetundika kofia?" Bibi aliuliza huku akivaa miwani.

"Nimetundika, Bibi."

Uongo ule ulimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Walikuwa katikati ya kibao cha mwisho mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Shelby aliingia akihema, mashavu mekundu kwa baridi.

"Thea, tumo. Wote wawili. Wewe unakimbia wa mwisho."

Bibi alikuwa ameshika mpini wa kipimia baruti, ule ambao ukivutwa mara moja humwaga kipimo kimoja, ganda likiwa chini yake. Aligeuka, akacheka, akampongeza mjukuu wake. Kisha akamkazia macho mgeni.

"Wewe Shelby, hukuona kofia mlangoni?"

"Kofia gani, Bibi? Hamna kitu mlangoni."

"Upepo huu nao," Bibi alisema. "Umeshaipeleka hadi jimbo la Dakota. Haya, nenda nyumbani, mtaongea kesho shuleni."

Thea alitazama sakafu. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema, akaiacha ipite. Bibi akarudi kwenye kazi yake. Kibao kilipojaa, Thea alimulika tochi safu kwa safu, lakini kichwani alikuwa tayari uwanjani, kijiti mkononi, watu wakimshangilia. Safu za mwisho mkono ulizipita bila macho. Vichwa vya risasi vikawekwa, na risasi zote zikamiminwa kwenye kopo kubwa la kahawa pamoja na zile za wiki zilizotangulia.

Kitandani ndipo swali lilipomjia. Je, zile safu za mwisho alizitazama? Alijaribu kukumbuka, akakumbuka kijiti tu.

Ijumaa alishinda shuleni kama mgonjwa. Kila alipoamua kusema, alijiona akinyang'anywa tochi na kurudishwa jikoni kukaa na paka. Tena pengine risasi zilikuwa sawa tu. Bibi alikuwa anajaza risasi tangu mama yake Thea hajazaliwa; angekosea vipi? Hoja hiyo ilimtuliza hadi kengele ya mwisho, haikufika nyumbani.

Alimkuta Bibi sebuleni akijaribu sketi yake ndefu ya mashindano, mkanda wa bastola kiunoni, kofia pana kichwani. Kopo la kahawa lilikuwa karibu na mlango, tayari kwa safari ya asubuhi.

"Nimependeza au nimekuwa kinyago?" Bibi aliuliza akijizungusha.

"Umependeza."

"Mwaka huu Orval atanikoma. Mwaka jana alinishinda kwa sababu moyo wangu ulikuwa na wasiwasi na risasi. Nilizijaza peke yangu, na macho haya yamechoka. Mwaka huu sina wasiwasi. Macho yako yamezipitia zote."

Thea aliweka mkoba wake chini. Aliutazama mkono wa kulia wa Bibi, ule uliomshika siku alipojifunza baiskeli, akauona ukiwa umeshika bastola yenye risasi asiyoijua.

"Bibi, usizipige."

"Nisipige nini?"

"Hizo risasi. Jana sikuzitazama zote. Sijui kama sikuzitazama, ila sijui pia kama nilizitazama." Machozi yalikuwa yamefika. "Na kofia haikupeperushwa na upepo. Sikuitundika. Nilitaka Shelby aingie."

Bibi alivua kofia yake pana polepole, akaiweka mezani.

"Kwa hiyo si upepo."

"Si upepo."

"Ukaniambia umetundika. Ukaniangalia usoni."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alikuwa amekasirika, na hakujisumbua kuficha. Alienda dirishani, akatazama ua, akarudi.

"Lingekuwa jambo la kofia tu ningekufokea tukala chakula," alisema. "Hili la risasi halisubiri. Zimechanganyika zote. Kavae miwani."

"Tutazipima kwenye mizani?"

"Mizani itatudanganya. Maganda yenyewe hayalingani uzito, mengine ni mazito kuliko tofauti tunayoitafuta. Tunazivunja."

"Kopo zima?"

"Kopo zima, mwanangu."

"Na mashindano?"

"Mashindano yana mwaka kesho. Vidole havina."

Safari hii Thea alitundika kofia mwenyewe na Bibi akatoka kuihakikisha. Kisha wakaanza. Bibi alikuwa na nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani: risasi inabanwa humo, nyundo inagongwa kwenye gogo, na kichwa cha risasi kinachomoka pamoja na baruti. Thea aligonga, Bibi akamimina baruti kwenye mizani, akatazama, akaitia kwenye bakuli la kutupwa. Sawa. Nyingine sawa. Nyingine tena sawa. Mikono ya Thea ikaanza kuuma na aibu ikaongezeka, maana ilionekana amevuruga furaha ya Bibi ya mwaka mzima kwa hofu tupu.

Kopo lilikuwa limeshuka kupita nusu alipogonga moja, na Bibi, badala ya kuitia baruti bakulini, akabaki amekishikilia kisahani cha mizani chini ya taa.

"Njoo uone."

Baruti iliyomwagika kwenye kisahani cha mizani ilikuwa mara mbili ya zile nyingine. Hata mtoto asiyejua lolote angeona. Bibi alivuta kiti akakaa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Bastola yangu isingehimili," alisema. "Ingepasukia mkononi. Na anayesimama pembeni yangu kila mwaka ni Orval, na nyuma yetu wajukuu zake."

Thea alilia kwa sauti. Bibi alimvuta kwake, wakakaa hivyo kidogo. Kisha akamwambia anyanyue nyundo, kwa kuwa palipo na moja panaweza kuwa na nyingine. Walivunja hadi kopo likawa tupu. Hawakuona nyingine.

Kulikuwa na muda wa kujaza chache kwa ajili ya asubuhi, na Thea alijitolea, lakini Bibi alikataa. Hakutaka kugusa baruti akiwa na haraka na moyo ukimwenda mbio namna ile.

Jumamosi walienda uwanjani hivyo hivyo, Bibi akiwa na sketi yake ndefu na mkanda wa bastola mtupu. Aliomba kazi ya kushika saa na kuhesabu vibao vilivyopigwa. Orval, jirani yao mwenye masharubu yaliyomfunika mdomo, hakuweza kuacha nafasi hiyo ipite.

"Norma, vipi, umenikimbia? Au risasi zimeliwa na panya?"

Watu waliokuwa wakinywa kahawa karibu na meza ya supu ya maharage walicheka. Thea alitamani ardhi immeze. Bibi aliweka kikombe chake chini.

"Risasi zangu nimezivunja zote jana," alisema, na sauti yake iliwafikia wote. "Moja ilikuwa na baruti mara mbili. Niliijaza mimi, kwa mkono huu, nikiwa nimegeuka kucheka na mgeni."

Kicheko kiliisha. Kila aliyekuwa pale alielewa maana yake.

"Ulijuaje?" Orval aliuliza.

Bibi alimwekea Thea mkono begani. "Huyu aliniambia. Na ili aniambie ilibidi akiri kwanza kwamba alinidanganya, akijua nitakasirika, na nimekasirika. Mwezi huu mzima hatashika tochi. Anarudi kusafisha maganda, tutaanza upya taratibu. Lakini naomba mjue hivi. Mkono wangu ulikosea, jicho lake likapita bila kuona. Kinywa chake ndicho kilichoniokoa." Kisha akamgeukia Thea mwenyewe. "Kukosea tutakosea, mimi na wewe, hata uwe hodari namna gani. Kwenye kazi hii, na nyingine zote utakazozifanya, mtu wa kuaminika ni yule anayesema 'sijui, tusimame' kabla hakujawa na wa kuzikwa. Umechelewa siku moja. Mara nyingine usichelewe hata dakika."

"Sitachelewa, Bibi."

Thea alifuta pua kwa mkono wa koti, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akajisikia njaa. Akajipakulia supu, akaenda kukaa karibu na Bibi kwenye meza ya saa.

Kipenga cha kuanza kilikuwa karibu kupigwa Orval alipowajia. Alikuwa amebeba boksi lake la risasi kwa mikono miwili, amelishika mbali kidogo na tumbo, na utani wote ulikuwa umemtoka.

"Norma," alisema kwa sauti ya chini, "ile nyundo yako ya kuvunjia risasi, umekuja nayo?"

"Ipo garini. Ya nini?"

Orval alikohoa. "Hizi nilizijaza juzi nikiwa natazama mpira wa kikapu kwenye runinga. Ilikuwa mechi nzuri sana."

Bibi Norma hakucheka. Alichukua kalamu, akafuta jina la Orval kwenye zamu ya kwanza, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Thea, mpelekee nyundo. Na hakikisha anavaa miwani."