Rufaa ya Koplo Loyce

Mnada wa mitumba pale Singida mjini ulifurika, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa na cha kuuza. Loyce alishika gauni la zambarau, mkono wa mtu mwingine ukalivuta.

"Samahani dada, namchukulia mama."

"Mama yako anavaa saizi yangu?"

"Basi nakuchukulia wewe," alisema Chediel, kijana wa Mandewa mwenye mashine ya kukamua alizeti. Shati lake lilinukia mafuta mabichi.

Alipojua kuwa Loyce ni koplo wa polisi, akawa anampigia simu kituoni.

"Afande, nimekuibia moyo. Nijisalimishe wapi?"

"Njoo Jumapili, uje na soda."

Lakini kituoni kulikuwa na Inspekta Leonidas, mkuu wake, aliyezoea kumshika kiuno wakibaki wawili ofisini. Loyce alipomkataa, akampangia lindo mfululizo. Loyce akalalamika. Malalamiko yakatupwa: hakuna shahidi. Kantini wakasema alimtaka bosi, akakosa.

Maneno yakamfikia Chediel. Akapiga simu.

"Loyce, niambie ukweli. Kulikuwa na kitu kati yenu?"

Loyce akazungusha waya wa simu kidoleni.

"Mpenzi?"

"Hakuna," akasema, akarudisha mkonga mahali pake.

Hakupokea tena simu zake. Hakulia. Alipiga pasi sare, alipiga saluti, alikula ugali bila kujua kama una ladha. Mwili aliubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Hata rufaa aliikata bila hasira, kama mtu anayefunga mlango kwa kuwa ameukuta wazi.

Siku ya kusikilizwa alimkuta Chediel nje, ndani ya suti ya mtumba iliyompwaya mabegani. Kando yake alisimama Theodora, askari wa mapokezi.

"Kila nikipiga, Theodora ananiambia hupo," alisema Chediel. "Mwisho nikamuuliza yeye kuhusu Leonidas."

"Niliona dirishani akikushika, dada," Theodora alisema taratibu. "Niliogopa kazi yangu. Leo nitasema."

Akasema. Uamuzi wa kwanza ukatenguliwa, Leonidas akasimamishwa kazi asubiri mashtaka. Loyce alisikia maneno hayo kama tangazo la redio ya jirani.

Nje wakakaa kwenye benchi.

"Nilikuuliza kama walivyokuuliza wao," alisema Chediel. "Nisamehe."

"Wao niliwazoea. Wewe ndiye uliyenimaliza."

"Najua." Akaweka sawa mabega ya suti. "Nataka kuja kwenu Kiomboi na wazee wangu."

"Chediel, sisikii kitu. Si furaha, si uchungu. Ukija sasa utaposa mtu ambaye hayupo."

"Nitasubiri."

"Na asiporudi?"

"Sijui, Loyce."

Hakumdanganya, na hilo lilimfanya Loyce asiondoke. Chediel akalaza kiganja wazi juu ya benchi. Watu wakapita, wengine wakamsalimu koplo. Baadaye sana Loyce akaweka mkono wake juu ya kile kiganja.

Kilikuwa cha moto. Hilo alilisikia.