Mlango wa Magharibi

Siku ile Noa aliamka vizuri tu. Alikunywa uji, akavaa koti lake la kaki, akafunga kamba ya kiatu cha kushoto, maana cha kulia hakikuwa na kamba, akamwambia mkewe, "Leo nikirudi, nitarudi na habari njema ya kibali."

Dorkasi alicheka kidogo, kwa huruma. Maneno hayo alikuwa akiyasikia tangu vuli.

Noa alikuwa mtu wa milimani, Mshambaa. Nguvu zake zote za ujana aliziacha katika mkonge, na mkonge ulipokwisha kumla kifua, msimamizi alimwambia ahame kambini kabla ya masika, chumba apewe mwenye kifua kizima. Kwao Usambara shamba la baba lilikwisha gawanywa na kaka zake. Duniani palibaki kiwanja kimoja tu alichopewa, kando ya njia ya kutoka Kigombe kwenda Pangani, nyuma yake pakiwa na magofu ya nyumba ya mawe. Bila kibali asingeweza kusimamisha hata nguzo. Na mvua ikianguka kabla ya nyumba, yeye na Dorkasi wangelala chini ya mti.

Kibali chenyewe kilikuwa safari isiyo na mwisho. Karani wa serikali alimtuma kwa jumbe. Jumbe yuko msibani. Jumbe karudi, karani hayupo. Karani kaja, muhuri umefungiwa. Noa alijifunza neno moja la kutokea nalo kila mlango. Njoo kesho. Haya. Njoo na shahidi. Haya. Ukimwona siku zile njiani, anavyokokota ule mguu wa kiatu kisicho na kamba, ungemwonea imani.

Sasa lilibaki jambo moja. Kwa desturi ya pale, mgeni hajengi mpaka majirani wa kila upande wasimame mpakani na kutamka kwa vinywa vyao kwamba hawana neno. Na jirani akitoa sharti akiwa mpakani, likakubaliwa, limekwisha kuwa kiapo.

Mashariki palikuwa na njia. Kaskazini alikaa Uweso, mkwezi wa minazi, naye alisema hana neno huku kisu kikiwa bado kiunoni. Kusini alikaa Bi Sabiha. Naye hakuwa na neno. Jua lilikuwa utosini, kila mtu akarudi kivulini kwake, na Noa akabaki peke yake akiyatazama magofu.

Bibi mmoja alikuwa amesimama pale. Amejitanda kaniki, miguu peku, kando ya ukuta uliomeguka.

"Shikamoo, bibi," alisema Noa.

Bibi hakuitikia. Alimtazama tu.

"Nataka kujenga hapa. Una neno?"

"Mie sina neno," alisema bibi, kwa sauti ndogo. "Ila mlango unielekee mie."

Noa alikuwa na njaa na kifua kilimbana. "Haya," alisema, kama alivyosema kwa makarani wote.

Jumbe Mwinyijuma alikuwa akitafuna tambuu Noa alipofika barazani kwake. Alisikiliza habari za Uweso, za Bi Sabiha, akitikisa kichwa. Iliposemwa habari ya magharibi, taya lake lilisimama.

"Magofuni hapakai mtu," alisema taratibu. "Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia."

"Akakuitikia?"

Noa aliona yote mara moja: akisema hapana, ataambiwa asubiri, atatafutwa mganga, itatafutwa siku njema, na mawingu yalikwisha anza kukusanyika. Mungu amsamehe, alikuwa amechoka.

"Aliitikia, Jumbe. Marahaba, kasema."

Jumbe alishusha pumzi. "Basi ni mgeni wa watu. Mfu haitikii shikamoo ya mzima. Nenda kajenge."

Karani alikuja na kamba yake, akapima, akasema mlango lazima uelekee njia. Nani angeenda kumbishia karani kwa ajili ya bibi wa magofuni? Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini siku hiyo Noa aliwaona wahenga nao ni makarani tu. Alipokea kibali chenye muhuri, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti.

Nyumba ilisimama. Nguzo, fito, udongo, makuti. Kiambaza cha magharibi kilikandikwa kizima, bila hata dirisha. Mvua ya kwanza iliwakuta ndani, na Dorkasi alilia kwa furaha akiisikia ikipiga juu ya paa lake mwenyewe.

Kisha akaanza kuacha mambo nusu. Unga kinuni, nusu. Ufagio katikati ya chumba. Noa alimkuta adhuhuri amekaa chini, sikio kwenye kiambaza cha magharibi.

"Unafanya nini, Dorkasi?"

"Sss. Anagonga."

"Nani?"

"Bibi wa nyuma. Anauliza mlango wake uko wapi."

Noa alizunguka nje. Nyasi zilikuwa zimesimama, hapana aliyezikanyaga. Alijiambia atatoboa mlango Jumamosi. Jumamosi ilifika, kifua kikambana, akalala.

Jumatatu Dorkasi alimpokea njiani akitabasamu. Mwanamke yule hakuwa na ndugu wala shoga pande zile, na uso wake siku hiyo ulikuwa uso wa mtu aliyepata mwenzake.

"Leo nimempa shikamoo kwa sauti," alinong'ona. "Ameniitikia."

Noa hakuingia ndani. Aligeuka pale pale, akakimbia mpaka kwa jumbe, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Jumbe, nilikudanganya. Yule bibi hakuniitikia. Na aliniwekea sharti la mlango, nami nikakubali. Leo kamwitikia mke wangu."

Jumbe Mwinyijuma alisimama, uzee wake wote. "Humwitikia aliyekwisha kuwa wa kwake," alisema. "Kimbia, mwanangu. Toboa mlango!"

Alikimbia.

Mlango wa njiani ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Aliita. Uweso alishuka mnazini, wakauvunja pamoja.

Chungu kilikuwa kinachemka. Viatu vya Dorkasi vilikuwa kando ya kitanda. Dorkasi hakuwapo.

Kwenye kiambaza cha magharibi, udongo ulikuwa mbichi. Si wote. Sehemu moja tu, kimo cha mtu, upana wa mlango. Palikuwa pamepapaswa kwa viganja mpaka pakalainika. Na chini, pembeni, ilichomoza ncha ya khanga.

Noa alipiga jembe. Akachimba akilia, akiita jina la mkewe. Udongo, fito, kisha mwanga wa nje na magofu. Hapakuwa na kitu kingine. Ile ncha ilibaki imeshikwa pale pembeni, na walipoivuta, kwa mbali sana kitu kiliivuta nacho. Waliiachia.

Walimtafuta Dorkasi mpaka mtoni. Hakuonekana.

Noa alitia mlango katika tundu lile, ukielekea magofu. Karani alipopita na kuona mlango usiomo katika kibali, alimtazama Noa usoni, akashika njia yake. Tangu hapo, kila adhuhuri, Noa alikaa kizingitini akisema kwa adabu, "Shikamoo." Hakuitikiwa. Siku moja alimwambia Uweso, "Ndugu yangu, nimechoka kuwa mzima."

Masika ya pili, Uweso alimpelekea madafu. Kutoka shambani kwake aliisikia ile shikamoo. Akasikia na sauti mbili za wanawake, za polepole, zikisema, "Marahaba."

Alipofika, nyumba ilikuwa imefagiliwa. Kibali kilikuwa juu ya kitanda, kimekunjuliwa. Mlango wa magharibi haukuwapo. Palikuwa na kiambaza, kizima, udongo wake mbichi, una alama za viganja. Karibu na ile ncha ya khanga ulichomoza mkono wa koti la kaki.

Uweso aliyaweka madafu chini. Alirudi kinyumenyume mpaka njiani, na siku ile alikutana na wazee wengi, wala hakumwamkia hata mmoja.