Kona Mbili za Kushuka

Pakiti ilikuwa moja, mikono iliyoishika ilikuwa miwili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Ilikuwa Jumamosi, saa ambayo duka la vipuri vya kompyuta hujaa mpaka watu wanasuguana mabega. Mkono wa kwanza ulikuwa wa dada aliyevaa ovaroli ya buluu, penseli ameichomeka kwenye nywele. Wa pili ulikuwa wa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, kamera ikining'inia shingoni. Ndani ya pakiti kulikuwa na mirija sita ya plastiki ngumu, ile ya kupitisha maji ndani ya kompyuta ili isipate joto.

"Achia," alisema dada.

"Nimeiona kwanza mimi."

"Wewe unajua hata kuipinda?"

"Nimeangalia video."

"Video! Basi kaangalie nyingine, uniachie kazi yangu."

"Chukua minne, mimi miwili," kijana alisema. "Ila unifundishe kupinda."

"Unaniona sina kazi?"

Lakini minne aliichukua, na namba ya simu akaitoa. Kwa nini aliitoa, mwenyewe hakujua. Mimi nasema ni lile shati.

Dada huyo kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa akiunda kompyuta ghorofani, juu ya duka la kaka yake mkubwa. Kijana alikuwa mpiga picha. Alianza kuja kujifunza kupinda, na akaendelea kuja hata alipokwisha kujua. Fundi alimfundisha kwa ukali ule ule wa dukani. Kwanza njia ya kila mrija ichorwe kwenye kadibodi. Kisha kamba ya mpira ipitishwe ndani, mrija usije ukabonyea. Ndipo upulizwe hewa ya moto huku ukizungushwa taratibu, na upindwe mara moja bila kusitasita.

"Umeunguza," alimwambia siku ya kwanza.

"Kidogo tu, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Nilikuwa nauambia mrija."

Fundi akacheka bila kutaka. Tangu hapo simu hazikuisha. Mpiga Picha alipiga asubuhi kuuliza kama amekula, akapiga mchana kuuliza swali lile lile. "Nimekula, nimeshiba, niache nifanye kazi," Fundi alijibu, na akishakata alibaki akitabasamu peke yake. Mwezi wa tatu wa urafiki wao Fundi alimpa ufunguo wa chumba cha kazi. Hapo alikosea, na mimi simtetei.

Kaka yake alikuwa amemwekea sharti. Kulikuwa na mteja mmoja aliyeitwa Mama Katuni, mwanamke anayetengeneza filamu za katuni za watoto lakini mwenyewe hajawahi kuonekana akicheka.

"Huyu akiridhika," kaka alisema, "chumba hiki ni chako, na jina lako mlangoni. Asiporidhika, unashuka chini tuuze sote chaja."

Miaka sita Fundi alikuwa anakitaka chumba kile.

Akaipanga mashine ya Mama Katuni kwa wiki mbili. Mrija mmoja ulimsumbua kuliko yote. Ulitoka kwenye rejeta inayopoza maji, ukashuka kwa kona mbili mpaka sakafu ya kasha, ukapita kwenye koki ndogo, ndipo ukapanda kwenda kwenye pampu. Haukuwa mzuri wa kutazama. Lakini maji hukusanyika chini, na koki ikikaa pale, yaliyochakaa hutolewa yote bila kufungua kitu kingine.

Siku ya mteja kuja, Fundi alitoka kununua maji safi ya kujaza. Mpiga Picha alibaki na kamera yake. Akatazama kwenye lenzi, na zile kona mbili zikamkera. Akafungua, akakata mrija mpya, akaupitisha moja kwa moja, umenyooka kama rula. Koki akaitia kwenye droo. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, tena akipiga mluzi.

Fundi alirudi, Mama Katuni na kaka wakiwa nyuma yake.

"Maji yakichakaa yanatolewa wapi?" Mama Katuni aliuliza.

"Hapa, mama." Fundi akainama na kunyoosha kidole. Kidole kikabaki hewani.

"Hapa wapi?"

"Nani amegusa?" Fundi aliuliza.

"Mimi, mpenzi!" alisema Mpiga Picha, kamera tayari mkononi. "Nilitaka kukushangaza. Si imependeza?"

Mama Katuni akachukua mkoba wake. "Kumbe hapa kila anayepita anagusa. Sina muda huo."

Kaka alimsindikiza chini bila kumtazama dada yake.

"Nimekusaidia tu," Mpiga Picha alisema walipobaki wawili.

"Umenisaidia? Umenimaliza!"

"Ni mrija tu!"

"Mrija tu. Na mimi nije studio kwako, nikate watu vichwa kwenye picha zako, halafu nikuambie zimependeza?"

"Usinipigie kelele."

"Toka."

"Mpenzi, sikiliza..."

"Toka kabla sijakurushia hii!" Alikuwa ameshika ile mashine ya hewa ya moto.

Wiki mbili Fundi aliuza chaja na hakupokea simu ya Mpiga Picha hata moja. Simu aliyoipokea ilikuwa ya Mama Katuni.

"Mwanaume wako amekuja kwangu kukuombea," alisema Mama Katuni. "Wewe huna mdomo?"

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Hata hili amelifanya bila kumwuliza!

"Mdomo ninao, mama. Sikumtuma. Lakini ufunguo nilimpa mimi, kwa hiyo kosa ni langu. Naomba siku moja tu."

"Jumanne saa kumi. Nitaangalia mwenyewe."

Jumanne asubuhi Fundi alikata mrija mpya huku bado akigombana na Mpiga Picha moyoni. Akaupinda kona mbili, akarudisha koki, akajaza maji, akawasha pampu tu, kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Chini ya kila kiungo alitandika karatasi laini, tone likidondoka lionekane. Ilibaki kungoja.

Saa nne Mpiga Picha alisimama mlangoni. Shati lake halikuwa na pasi.

"Umekuja kurekebisha nini leo?"

"Nimekuja kukuomba nikuoe."

"Una wazimu."

"Ninao. Nijibu."

"Sina jibu. Kaa kwenye kile kiti. Usiguse kitu, usiseme kitu."

Alikaa hapo kwa muda wa karibu saa sita. Fundi alimchukia saa zote hizo, na kila baada ya muda aligeuka kuhakikisha bado yupo.

Hatua za kaka na Mama Katuni ziliposikika kwenye ngazi, Mpiga Picha alifungua mdomo.

"Kiungo cha tatu. Karatasi imelowa."

Mikono yake alikuwa ameikalia.

Fundi akazima pampu. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakungoja kuulizwa.

"Inavuja, mama," alisema mlango ulipofunguka. "Kosa langu. Nilikata nikiwa na hasira, sikusugua mdomo wa mrija, ukakwaruza mpira wa kuzuia maji. Nipe dakika ishirini."

"Na hayo maji yaliyomo?"

Fundi alifungua koki. Maji yakashuka yote kwenye chupa, na hakuna tone lililogusa kitu kingine. Akachomoa mrija, akausugua, akabadilisha mpira, akaurudisha, akajaza upya. Mpiga Picha hakunyanyuka kitini.

Mama Katuni aliinama akaitazama koki kwa muda.

"Kumbe ndiyo kazi ya hizo kona," alisema. Hakucheka. "Nitakuja kuichukua kesho, ikiwa kavu."

Kaka alikohoa. "Hilo jina mlangoni liandikwe kwa rangi gani?" aliuliza, kisha akamsindikiza mteja.

Chumba kikabaki na wawili.

"Sasa sema," Fundi alianza.

"Niseme nini?"

"Kwamba na mimi nakosea."

"Sikuja kwa hilo."

"Na kwa Mama Katuni nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikosea tena."

Fundi alipanga vifaa vyake, akavipangua, akavipanga tena.

"Nimekubali," alisema. "Lakini bado nimekukasirikia."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nitahamia kwako na hasira yangu. Itafutie nafasi."

"Nyumba yenyewe ndogo."

"Basi wewe utalala nje."

Alisema hivyo huku machozi yakimshuka. Mpiga Picha alisimama mbele yake, akanyanyua mkono, akausimamisha.

"Naweza kuyafuta?"

"Futa," alisema Fundi.