Simu Niliyompa Mama Ilizima Shambani

Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo na sina kazi. Naishi kwa dada yangu, Lipangalala, Ifakara. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu...

Mama analima mpunga Mchombe. Alikuwa na simu ya kitochi, imefungwa kwa mpira isiachane, lakini chaji yake ilidumu karibu wiki nzima. Mimi niliionea aibu! Zilipoingia madukani zile simu janja za bei nafuu, nilinunua mbili zinazofanana kwa akiba yangu ya chuo, yangu na yake. Kitochi nikakigawa.

Mama aliwaonyesha majirani wote. "Mwanangu msomi kanitoa ushamba," akawatambia.

Haikupita miezi mingi, yangu ikaanza kujizima. Fundi akaniambia toleo lile limeshaondolewa sokoni, hata betri hazipatikani. Je, nilimwambia mama? Hapana... Niliwaza, majirani watamcheka. Labda yake ni nzima. Labda nisubiri. Labda, labda... Nikanyamaza.

Mpunga ulipotoa mashuke, mama akahamia kwenye kibanda cha shambani kufukuza ndege, kama tufanyavyo kila msimu. Ndipo bibi, mama yake mzazi, akazidiwa kule Kiberege. Alikuwa akimwita mama kwa jina. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena! Badala ya kupanda bodaboda nimfuate, nikajipa moyo kuwa ni chaji tu.

Nilipokwenda hatimaye kumfuata mama, bibi alikuwa ameshakata roho na maji ya mafuriko yamefunga njia ya shambani. Ndugu walisubiri, wakachoka, wakazika. Maji yalipopungua nikamfikisha mama Kiberege, akakuta udongo mbichi wa kaburi.

Hakunilaumu. Alifungua pindo la khanga, akatoa ile simu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nadhani niliibonyeza vibaya, ikafa. Niliogopa kukwambia, ungeona mama yako mshamba kweli."

Ananiomba msamaha mimi! Na mimi niliyejua ukweli, nilimjibu nini?

"Usijali, mama."

Nikamwacha aamini kosa ni lake...

Vijana wenzangu, msimnyang'anye mzazi kitu kinachomfaa kwa sababu tu kinawaaibisha ninyi. Na mkikosea, semeni mapema, kabla kaburi halijawatangulia.

Jumapili nakwenda Mchombe kumwambia mama ukweli. Ile simu bado kaihifadhi sandukuni, na kila anayeiulizia humjibu kwamba aliiharibu mwenyewe.